Ua Mmoja, Kobe Ishirini na Wawili

Anayetoka kisiwa cha Changuu, mbele ya Mji Mkongwe wa Unguja, hurudi na picha moja kichwani: kobe wakubwa mno wamejikusanya kwenye kivuli kimoja, wengine wananyoosha shingo kupokea majani mikononi mwa wageni, na hakuna anayemsumbua mwenzake. Ukiwatazama kwa saa moja utaamini kwamba kobe ni mnyama wa kukaa pamoja, asiye na ugomvi wala madai. Kijana wa kisa hiki aliamini hivyo, na walioilipia imani yake ni kobe.

Kisa ni cha Salale, ile kata ya Wilaya ya Kibiti inayoingia kwenye delta ya Rufiji, yenye bandari ya Nyamisati wanakopandia boti watu wa Mafia. Mwenye kisa nimemtunga, kwa kuwa sitaki mtu yeyote wa Salale anyooshewe kidole na jirani zake. Vifo vya kobe wake sikuvitunga. Hivyo ndivyo kobe wanavyokufa popote wanapofungiwa wengi kwenye ua mmoja na mtu asiyewajua.

Mpunga wa familia yao ulikwenda na mafuriko ya Aprili 2024, yale yaliyozamisha mashamba na nyumba Rufiji na Kibiti. Dada yake alishika tena kazi yake ya siku zote, kunenepesha kaa wa mikokoni. Hununua kaa waliokonda, akawaweka kwenye vizimba mkondoni, akawalisha mabaki ya samaki kwa wiki chache, kisha akawauza kwa kilo wakishajaa nyama. Yeye kijana akabaki anatafuta lake. Akaalikwa arusini Unguja, akavushwa hadi Changuu, akarudi na wazo. Pale Nyamisati abiria hungoja maji yajae, na katika miezi ya papa potwe huwamo pia wageni wanaokwenda Mafia kumwona. Ni watu wenye muda na fedha, wamekaa hawana la kufanya. Akijenga ua wa kobe kando ya njia ya bandarini, kila mmoja atatoa chochote aingie kutazama.

Alimweleza dada yake jioni, wakati anamwaga chakula cha kaa.

"Sasa hao kobe utawaweka wapi?"

"Ndani ya ua, dada. Wote pamoja, kama wa Changuu."

"Mdogo wangu, kaa wangu kila mmoja ana chumba chake. Nikiwachanganya usiku mmoja, asubuhi naokota magando."

"Kaa ana magando. Kobe ana nini?"

Dada hakuwa na jibu siku ile, na si kosa lake. Kobe hana gando, hana jino, hana sauti ya kuita. Wanaoishi karibu naye Pwani humwona mmoja mmoja, mvua zikianza, akivuka njia ya shambani au akila embe lililooza chini ya mti. Ila lipo jambo wakulima wote wamelishuhudia bila kulitilia maanani: kobe wa vichaka vya kwetu haonekani na kundi. Huyu tunayekutana naye mara nyingi Kibiti na Rufiji ni yule mdogo wa rangi ya kahawia, ambaye sehemu ya nyuma ya gamba lake la mgongoni ina bawaba. Akishtuka huishusha, akafunga miguu na mkia ndani. Huishi peke yake. Hula uyoga, matunda yaliyoanguka, konokono na jongoo, na kiangazi kikikaza hujichimbia chini ya majani akatulia mpaka mvua irudi. Dume na jike hukutana kwa ajili ya kupandana, kisha kila mmoja hushika njia yake.

Marekani yuko kobe mwingine mdogo wa msituni, ambaye bawaba yake iko kwenye gamba la tumboni, naye hujifunga mbele na nyuma kama sanduku. Huyo amefugwa sana kwenye bustani za watu, na amechunguzwa sana pia. Katika miaka ya 1940 mtafiti Lucille Stickel alianza kuwafuatilia msituni Patuxent, jimbo la Maryland, akiwafungia nyuzi mgongoni ili ajue kila hatua yao. Alikuta kwamba kobe mmoja hutumia eneo la wastani wa mita 100 hivi kutoka upande hadi upande, na hubaki humo mwaka hata mwaka. Maeneo ya kobe tofauti huingiliana na wala hawayapiganii. Lakini wanachoweza kufanya pale, wasichokiweza katika ua, ni kupishana. Kobe aliyechoka na mwenzake huondoka. Amani yote ya kobe imejengwa juu ya uwezo huo wa kuondoka, na uzio ndio kitu cha kwanza unachomnyima.

Ua wa kijana wetu ulikuwa hatua kumi na tano kwa hatua kumi. Aliuzungushia fito, akachimba dimbwi katikati na kulisakafia kwa saruji, kingo zake zimesimama wima. Kisha akaanza kukusanya. Watoto wa kijijini walimletea kobe wa bawaba kumi na wanne kwa malipo kidogo. Mashambani walikolima mpunga aliokota kobe wa majini sita, wale weusi wa madimbwini ambao nao wana bawaba, ila yao iko kifuani, huifunga mbele wakaficha kichwa. Dereva wa lori kutoka bara alimuuzia kobe wawili wakubwa wa madoadoa, kobe wa nyika kavu ya majani. Jumla ishirini na wawili. Hakuangalia nani dume nani jike, ingawa si kazi ngumu: dume mzima huwa na mkia mrefu na mnene zaidi, na kwa wengi gamba lake la tumboni limebonyea ili aweze kumpanda jike. Angewageuza mmoja mmoja angegundua kwamba kati ya wale kumi na wanne, tisa walikuwa madume.

Wala hakuomba kibali. Kwa Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, kobe wa porini ni mali ya umma kama alivyo twiga, na anayetaka kumkamata au kumfuga hutakiwa kuwa na kibali kinachopatikana kupitia mamlaka ya wanyamapori, TAWA. Watu wengi hudhani sheria hiyo ni ya tembo na simba. Nami naitaja hapa kwa sababu kubwa kuliko faini: mtu aliyeomba kibali angekaguliwa ua wake kabla ya kobe wa kwanza kuingia, na kisa hiki kingeishia hapo.

Mwezi wa kwanza ulikuwa mtulivu, na utulivu huo ndio ulioharibu kila kitu. Abiria waliingia, wakapiga picha, wakasifu. Kobe walikaa pembezoni, wamejipanga kufuata uzio, vichwa ndani. Kijana alieleza kwamba wamezoea. Mtu anayemjua kobe angeona jambo jingine. Kobe aliyetoka kukamatwa akijibanza ukutani hajazoea, anatafuta njia ya kutoka, na anayekaa kichwa ndani mchana kutwa ana hofu. Mbuzi akionewa hulia, kuku hukimbia huku na huku, mbwa hubweka. Kobe akionewa hupunguza kula, akajificha, akaacha kutembea, na kwa macho ya mgeni huyo ndiye kobe mpole kuliko wote. Mwili wake huendesha mambo polepole kiasi kwamba anaweza kuishi wiki nyingi akiwa tayari yuko njiani kufa.

Wa kwanza kufa hakufa kwa ugomvi. Kobe mmoja wa bawaba aliingia dimbwini usiku kunywa maji, akashindwa kupanda ukingo wa saruji, akazama. Kobe wa nchi kavu si mwogeleaji mzuri. Wa majini walikuwa wakipanda na kushuka kwa kucha zao, kwa hiyo kijana hakuwahi kufikiri kwamba ukingo ule ni kuta za kisima kwa wenzao. Alimzika, akasema ni bahati mbaya.

Kisha mvua za vuli zikaanza na madume yakaamka. Hapa naomba msomaji avumilie kidogo, kwa kuwa hapa ndipo watu hukosea kusoma wanachokiona. Dume la kobe likitaka jike au likitaka kumwondoa dume mwenzake hutumia mbinu zilezile: husukuma kwa gamba, hugonga ubavuni, huuma miguu ya mbele na ya nyuma. Porini aliyeshindwa hutembea akaenda zake na shughuli ikaisha. Uani aliyeshindwa hutembea hatua kumi akakuta fito, na mshindi bado yuko nyuma yake. Wageni walicheka, wakasema kobe wanacheza, na majike wanafunga ndoa. Majike matano yalifuatwa na madume manane kuanzia alfajiri mpaka jua linapochoma. Jike mmoja alikaa amejichimbia kwenye kona, hatoki hata chakula kikiletwa, ngozi ya miguu yake ya nyuma imechubuka mpaka nyama nyekundu inaonekana. Kijana alimtoa akamweka katikati, penye wageni, ili naye aonekane.

Siku moja ya jua kali aliondoka kwenda Bungu. Aliporudi alasiri alikuta dume limelala chali katikati ya ua, limekufa. Lilipinduliwa na mwenzake asubuhi, na kobe aliyepinduka mahali pasipo kivuli wala kitu cha kukanyagia ili ajigeuze, jua humuua kwa saa chache. Ua ule haukuwa na kichaka hata kimoja. Alivifyeka vyote ili abiria waone vizuri.

Chakula nacho kiliendelea vibaya, kimyakimya. Alimwaga lundo moja, mahali pamoja, mara moja kwa siku: mabaki ya wali, maembe, nyanya, ugali. Wale wakubwa wa madoadoa walifika kwanza, wakasimama juu ya lundo. Kobe hao miili yao imeumbwa kwa nyasi, nyasi kavu zenye nyuzinyuzi, na wali na maembe matamu kila siku huwaharibu tumbo. Kobe wa bawaba anahitaji uyoga wake na jongoo wake, ambao uani haumo. Wa majini ni walaji wa samaki, viluwiluwi na mizoga. Chakula kimoja kwa aina tatu kilikuwa kibaya kwa zote tatu, na kile kidogo kilichofaa kilimfikia mwenye nguvu peke yake.

Dada ndiye aliyekuja na mizani. Kaa hununuliwa kwa kilo, na yeye haamini uzito wa kitu kwa macho. Kaa mkubwa aliyekonda ndani anamjua, ameshatapeliwa naye mara nyingi. Alipima kila kobe akaandika kwenye daftari lake la kaa, akamwekea kila mmoja alama ndogo ya rangi mgongoni. Baada ya wiki tatu akapima tena. Kobe kumi kati ya waliobaki walikuwa wamepungua.

"Hawa wanakufa, mdogo wangu."

"Dada, hawa wanatembea, wanakula. Umewaona."

"Nimeona wanne wanakula. Hao wengine umewaona lini?"

Nadhani hakuna swali bora kuliko hilo kwa mtu yeyote mwenye kobe wengi. Gamba halikondi. Kobe aliyebakia mifupa hutazamika sawa na aliyeshiba, na bila mizani na hesabu ya kila asubuhi, mwenye ua huona kundi, haoni kobe.

Yaliyokuja baadaye yalikuja kwa pamoja. Mmoja wa wale wakubwa wa nyika kavu alianza kutoa mapovu puani. Udongo wa Nyamisati una unyevu, na usiku wa mvua kobe wa bara alilala juu ya matope ambayo hakuumbiwa. Lakini baridi na unyevu hufungua tu mlango. Anayeingia ni mdudu wa ugonjwa, na mara nyingi mdudu huyo ameletwa na mgeni. Kobe wawili wa lori waliingizwa uani siku ileile walipofika. Wafugaji wenye uzoefu humtenga kobe mgeni kwa miezi, wengine nusu mwaka, ana chombo chake cha maji na mtu huosha mikono akitoka kwake, kwa sababu kobe anaweza kubeba maradhi muda mrefu bila dalili. Iko amiba ambayo kobe na kasa wengi hukaa nayo tumboni kwa usalama, lakini ikimfikia kobe wa aina nyingine humchana utumbo. Dimbwi la wa majini, ambamo walikuwa wakila na kuchafua humohumo, ndilo lililokuwa birika la kunywea la wote.

Ndani ya mwezi mmoja kobe wa bawaba wanane walikuwa na macho yaliyovimba na pua zinazobubujika. Kisha ikaja bamvua. Ua ulijengwa karibu na mkondo kwa ajili ya wageni, na maji ya bamvua kubwa yalipanda yakapita chini ya fito, maji ya chumvi, yakakaa mpaka yalipokupwa. Wanne wagonjwa, wasio na nguvu za kujiinua wala kilima cha kukimbilia, walikutwa asubuhi ndani ya tope.

Nirudi Changuu, maana ndiko kijana alikojifunza, na alijifunza nusu. Wale si kobe wa Afrika Bara. Asili yao ni Aldabra, kisiwa cha matumbawe katika nchi ya Shelisheli, na wanne wa kwanza waliletwa mwaka 1919 kama zawadi ya gavana Mwingereza wa huko. Aldabra ina kobe wanaokadiriwa kufika 100,000, na ni kweli kwamba hao ni watu wa kundi: hulisha pamoja na kubanana kwenye vivuli vichache vilivyopo, kwa sababu asiyefika kivulini kabla ya adhuhuri hufa kwa joto. Kuwatazama hao ukaenda kufunga pamoja kobe wa vichakani ni kuchukua desturi ya watu wa mbali na kumlazimisha jirani yako. Na hata kwa wale, msongamano una gharama yake. Sehemu ya Aldabra iitwayo Grande Terre ndiyo yenye kobe wengi waliosongamana, na wa huko ni wadogo kwa umbo kuliko wenzao wa visiwa vyenye nafasi, na majike yao hutaga mayai machache zaidi.

Hata historia ya Changuu yenyewe ina uchungu ambao picha haioneshi. Wanne walizaliana mpaka wakafika kama 200 mwaka 1955. Kobe wengi waliokaa mahali pamoja panapojulikana ni rahisi kuibwa, na waliibwa kweli, kwa kuuzwa nje na kwa kuliwa. Mwaka 1988 walibaki kama 100, mwaka 1990 kama 50, na mwaka 1996 walikuwa saba tu. Mwaka huohuo vililetwa vitoto 80, na 40 vikatoweka. Ndipo Serikali ya Zanzibar, kwa msaada wa shirika la kimataifa la kutetea wanyama, ikajenga uzio mkubwa wenye ulinzi. Na ndani ya uzio huo vitoto havichanganywi na wakubwa, vina vizimba vyao. Kijana alipita mbele ya vizimba hivyo akielekea kupiga picha na yule mkubwa.

Msongamano ukizidi kabisa, hesabu hubadilika sura. Aprili 2018, huko Toliara kusini mwa Madagaska, maofisa waliingia kwenye nyumba iliyokuwa inanuka wakakuta kobe zaidi ya 10,000 wenye michoro ya miale kama nyota mgongoni, wamefungiwa ndani bila maji wala chakula wakingoja kusafirishwa kimagendo. Waliokolewa na kuhudumiwa na wataalamu waliotoka mataifa mbalimbali, lakini mamia walikufa katika siku na wiki zilizofuata, kwa kiu na maambukizi waliyoyapata mle ndani. Aliyewafungia alikuwa mhalifu na kijana wetu hakuwa na nia mbaya hata chembe. Utumbo wa kobe hautambui nia.

Turudi Nyamisati. Ugonjwa ulipomaliza kazi yake walibaki tisa: kobe wa bawaba wanne, wa majini wanne, na mmoja mkubwa mwenye madoa. Wageni walikuwa wameacha kuingia, kwa harufu. Mtoto wa jirani aliyekuwa akiwalisha kwa mikono aliharisha vibaya mpaka akapelekwa zahanati. Kobe mzima kabisa anaweza kubeba salmonela kwenye kinyesi na gamba. Marekani wamepiga marufuku tangu 1975 kuuza kama wanyama wa kufuga kobe na kasa wenye gamba lisilofika sentimita kumi, kwa sababu hao ndio watoto huwatia mdomoni. Kijana aliona haya, akaona huruma, na usiku mmoja akafanya lile ambalo kwa maoni yangu lilikuwa kosa zito kuliko yote yaliyotangulia, ingawa alilifanya kwa moyo safi. Aliwatia kobe wa bawaba wanne kwenye gunia, akapanda bodaboda, akawaachia kwenye vichaka kando ya barabara ya kwenda Bungu.

Mpaka hapo madhara yalikuwa ndani ya uzio. Sasa yalipewa miguu. Katika jangwa la Mojave huko Marekani, kobe wa jangwani walianza kupungua kwa ugonjwa wa njia ya hewa unaoletwa na bakteria wadogo waitwao mikoplasma, na wataalamu waliohangaika nao waliwatazama kwa jicho kali kobe waliofugwa majumbani kisha wakarudishwa jangwani na watu wenye huruma kama hii. Mwaka 1990 kobe huyo aliwekwa kwenye orodha ya viumbe walio hatarini. Kobe wa porini hajawahi kukutana na mdudu wa uani, na kobe aliyepelekwa pori asilolijua hatulii. Hutembea sana akitafuta kwao, akipita katika maeneo ya kobe wengi ambao asingekutana nao maishani.

Bwana nyama alifika siku ya tatu, ameitwa na dada. Alikuwa mtu mzima wa kutosha kupokea shikamoo ya kijana na kuiitikia bila ukali. Alitazama ua, akatazama daftari la kaa lenye uzito wa kobe, akauliza swali ambalo kijana hakulitarajia.

"Hapa kuna alama za rangi ishirini, na naona kobe watano. Waliokufa umewazika wapi, na waliobaki wako wapi?"

"Waliokufa wako nyuma ya mnazi ule, afande. Wanne niliwaachia. Niliona ni vyema warudi kwao."

"Kwao ni wapi? Uliwatoa Bungu?"

"Sijui walikotoka, afande. Waliletwa na watoto."

"Walikuwa na mafua?"

Kijana alinyamaza, dada akamjibia: wawili walikuwa nayo.

Mashauri ya sheria yalikuwepo na yalifanyika baadaye, ofisini, kwa maandishi. Lakini asubuhi ile bwana nyama hakuketi. Alisema kwanza watafutwe wale wanne. Watano waliobaki asipelekwe porini hata mmoja mpaka wapimwe. Yule mwenye madoa atengwe peke yake kwenye sakafu kavu iliyotandikwa nyasi, kwa kuwa hakuna ajuaye alitokea pori gani, na huenda asirudi porini maisha yake yote. Wa majini wahamishiwe pipa lenye maji safi, wapewe dagaa na mahali pa kupanda kuota jua. Aliyehudumia hawa asiende kwa wale kabla hajaosha mikono na kubadilisha viatu. Kijana alimuuliza kama siku moja anaweza kupata kibali, akafuga kwa haki. Bwana nyama hakumkatisha tamaa. Alimwambia aje na aina moja tu, dume moja kwa majike kadhaa au majike matupu, uwanja mara nyingi ya huu, ulioinuka juu ya bamvua, wenye vichaka vinene kiasi kwamba kobe wawili wanaweza kukaa wiki nzima bila kuonana. Na vyumba vya pembeni vya kutosha kumtenga kila mmoja siku atakapohitaji kutengwa.

"Kila mmoja chumba chake," dada alisema.

"Chumba kiwepo, hata kama hakitumiki."

Wakaenda Bungu watu wanne kwa pikipiki mbili. Siku ya kwanza walimpata mmoja, barabarani, alama ya bluu mgongoni, tayari ametembea mbali na alipoachiwa. Wa pili alipatikana baada ya mvua chini ya mkorosho, ute umemkaukia puani. Wawili hawakupatikana. Bwana nyama aliandika mahali penyewe na tarehe, akapita kwa watendaji wa vijiji vya jirani akiwaeleza: mkulima yeyote atakayekuta kobe mwenye macho yaliyovimba au pua inayotoka, asimguse kwa mkono mtupu, asimhamishe, apige simu. Palizi ilikuwa inaanza, na watu wengi wangekuwa mashambani. Kijana alipewa kazi ya kuzunguka na kurudia maelezo hayo kila mwisho wa wiki, shamba kwa shamba, akitaja rangi za wale wawili: nyekundu mmoja, njano mmoja.